TAMTHILIA ZA MAPENZI NA NDOA ZA MIAKA MINGI

(Mazungumzo ya mwanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Mvumi)



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliita la mchezo: tamthilia za mapenzi tunazotazama jioni kwenye televisheni. Mimi nasema siyo mchezo. Siku ya kikao, kabla Mweka Hazina hajafungua sanduku, habari ya kwanza ni nani kaachwa jana kwenye tamthilia. Tunamlaumu yule bwana, tunamhurumia yule binti. Basi tujiulize, maneno yale tunamsema nani hasa?

Wataalamu walilitambua jambo hili zamani. Huko Mexico, miaka ya 1970, bwana mmoja aitwaye Miguel Sabido alitengeneza tamthilia za televisheni ambazo ndani ya mapenzi na ugomvi watu walijifunza uzazi wa mpango. Mbinu hiyo ikafika kwetu kwa njia ya redio. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa "Twende na Wakati". Mitambo ya Dodoma haikuurusha hadi mwaka 1995, kwani wataalamu walitaka kulinganisha wanaousikia na wasiousikia. Kumbe Dodoma ilikuwa kipimo cha nchi nzima!

Wanaoukumbuka mchezo ule wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake njiani kote, hadi UKIMWI ukamchukua. Mkewe Tunu alivumilia, mwisho akachoka, akaanza biashara ndogo ya kujitegemea. Hapo ndipo ilipo faida ya tamthilia. Mama anaweza kumsema Mkwaju mbele ya mumewe bila kumtaja mumewe. Na baba mwenye masikio atasikia.

Lakini jamani, tamthilia nyingi huishia harusini. Sisi tunajua harusi ndiyo mwanzo. Ni nani atakayetuonyesha mwaka ambao mvua imekatika, mtama umenyauka, watoto wanataka sare za shule, na marejesho ya mkopo ni wiki hii? Siku hiyo mapenzi hayaji na maua. Yanakuja na bwana anayesema, "Mama nanihii, chukua yale magunia mawili ya karanga, tuuze, tulipe deni letu." Hilo neno "letu" ndilo la kusikiliza.

Jambo la pili ni siri. Kwenye televisheni, bila siri hakuna sehemu ya kesho. Nyumbani ni kinyume. Mama akikopa kwa siri, na baba akauza mbuzi kwa siri, siku ya marejesho wote wawili wanashangaana, na aibu inaangukia wadhamini. Ndiyo maana naomba kila mkopo uzungumzwe kwanza nyumbani. Tamthilia ikiisha, zimeni televisheni mwulizane: sisi je, tungefanyaje?

Jambo la tatu, kuvumiliana siyo kunyamaza. Mama anayepigwa asiambiwe asubiri sehemu ya mwisho. Aende kwa viongozi, aende polisi kwenye dawati la jinsia. Na asidhani kwamba mikono yake haikujenga kitu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya familia. Kuchota maji, kupika, kulea, vyote vinahesabika. Akina baba, nanyi mlijue hilo, maana linawahusu mabinti zenu pia.

Ndugu zangu, kikundi hiki kimefika miaka kumi kwa sababu kila kikao tunahesabu fedha mbele ya macho ya wote. Anayechelewa anaeleza, na aliyekwama anasaidiwa. Ndoa nayo inataka vikao vya namna hiyo, hata vya watu wawili tu, jikoni, moto ukiwa unazimika.

Tuendelee kutazama tamthilia zetu. Lakini tusitazame bure.