Saa ya Kusoma Isiibwe

(Mazungumzo na walimu wa Kitangari, Newala)

Nazungumzia mwalimu anayejiendeleza kwa njia ya intaneti huku akifundisha. Wengi huanza kwa ari kubwa, kisha huacha katikati. Tukiwauliza sababu, hutaja mtandao hafifu na bei ya vifurushi. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi kueleza jambo lote.

Elimu ya mbali si ngeni nchini mwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadiliana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto aende shule ifikapo 1977, vyuo vya ualimu havikutosha. Vijana wakafunzwa ualimu wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa walimu wazoefu, na zaidi ya 35,000 wakahitimu. Simu za mkononi hazikuwapo. Utaratibu ulikuwapo: saa iliyojulikana, wenzao wa kusoma nao, na msimamizi aliyedai kazi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinaiendeleza kazi hiyo, na leo masomo mengi hufuatwa mtandaoni. Lakini mtandao haupigi kengele. Kengele hiyo ni lazima mwanafunzi ajipigie mwenyewe.

Basi, kwanza, tuweke saa moja ya kila siku isiyobadilika. Tupakue somo mahali penye mtandao mzuri, tuzime data, kisha tusome kwa kalamu na daftari. Kupitisha macho kwenye kioo cha simu siyo kusoma.

Pili, tusisome peke yetu. Walimu wa shule jirani wakutane mara moja kwa juma, kila mmoja awaeleze wenzake somo kwa maneno yake bila kutazama daftari. Asiyeweza kulieleza hajalielewa.

Tatu, tupange masomo kwa kufuata majira yetu. Korosho zikianza kuanguka, nyumba nzima huwa shambani, na mtihani hausubiri mnada. Kazi za kuandika zimalizwe mapema.

Liko jambo la nne, nalo ni zito kuliko yote. Katika uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa shida tangu enzi za babu zetu, mwalimu wa kike akitoka darasani hukutana na ndoo, kuni na jiko. Mume akisoma, watoto huambiwa wanyamaze. Mke akisoma, huulizwa chakula kiko wapi. Hivyo saa yake huibwa kila siku, na akishindwa mtihani tunasema hana bidii. Huo ni uonevu, na hauondolewi kwa simu mpya. Huondolewa na mume anayebeba ndoo, na mwalimu mkuu anayegawa kazi za jioni kwa haki.

Ndugu Walimu, tukirudi nyumbani leo, kila anayesoma aiandike saa yake na kuibandika ukutani. Nanyi mnaoishi naye, ilindeni saa hiyo kama mnavyolinda shamba.