Penalti Iliyopotea Si Mwisho wa Safari

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa makocha, wazazi na wachezaji, kabla ya ligi ya vijana kuanza

 

Sitawachosha, maana naona macho yenu yako kwenye mpira.

Februari 10, 2002, mjini Bamako, Mali, Senegal na Cameroon zilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika 120 zikaisha bila bao, ikabidi mshindi aamuliwe kwa penalti. Mkwaju wa mwisho wa Senegal ulipigwa na nahodha mwenyewe, Aliou Cissé. Kipa akaupangua, Cameroon ikatwaa kombe.

Cissé alikuwa kiungo mkabaji, mzaliwa wa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, aliyelelewa Ufaransa. Kazi yake haikuwa kufunga mabao. Alipokonya mpira na kuwapa wenzake.

Kocha wake hakumvua unahodha. Mei 31 mwaka huohuo aliiongoza Senegal kuilaza Ufaransa, mabingwa wa dunia, 1-0, na timu ikafika robo fainali ya Kombe la Dunia. Furaha hiyo haikudumu. Mwezi Septemba meli ya Joola ilizama ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar. Watu zaidi ya 1,800 walifariki, wakiwemo jamaa zake wengi.

Mwaka 2015 alikabidhiwa timu ya taifa kama kocha. Kombe la Dunia la 2018, Senegal ililingana na Japani kwa pointi na mabao, ikatolewa kwa sababu ilikuwa na kadi nyingi zaidi za njano. Mwaka 2019 kule Misri, sisi Wakenya tulimwona kwa uchungu: vijana wake waliicharaza Harambee Stars 3-0. Walifika fainali, wakafungwa 1-0 na Algeria.

Kwetu hapa, kocha wa namna hiyo angekuwa amefukuzwa mara mbili. Senegal ilimwacha aendelee.

Februari 6, 2022, mjini Yaoundé, fainali tena, dhidi ya Misri. Sadio Mané akapoteza penalti mapema kabisa. Mechi ikaisha 0-0, ikaja mikwaju. Wa kuamua ukapigwa na nani? Mané yuleyule, naye akafunga. Senegal ikapata kombe lake la kwanza, kocha wake akiwa yule aliyekosa Bamako miaka 20 kabla.

Sasa niseme langu. Nilipokuwa mwanahabari mchanga, niliripoti fainali ya vijana. Mvulana mmoja alikosa penalti, nami nikaweka jina lake kwenye kichwa cha habari. Nilidhani nimeandika vizuri. Msimu uliofuata nilimtafuta uwanjani, nikaambiwa ameacha mpira kwa sababu ya kuchekwa. Alikuwa na miaka 15. Sijui tulipoteza mchezaji wa aina gani, wala kocha wa aina gani.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Makocha, kijana akikosa Jumamosi, Jumatatu mpeni mpira apige tena. Wazazi, msitukane watoto mkiwa pembeni mwa uwanja. Mtoto anaitambua sauti ya mzazi wake hata katikati ya kelele za mashabiki. Kamati za timu, msimfukuze kocha kwa mechi mbili. Mpeni msimu mzima, halafu mkae naye mpime kazi yake.

Nasi wa ofisi ya habari tunaahidi: matokeo yote ya ligi hii tutayachapisha, na wafungaji tutawataja. Jina la mtoto aliyekosa penalti halitaandikwa.

Vijana, kaza kamba za viatu. Refa anawangoja.