Komeo na Kufuli: Msongamano katika Kiini cha Mfumo wa Faili wa Mtandao na Suala la Istilahi



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu neno moja na kosa linaloweza kuzaliwa nalo. Neno lenyewe ni kufuli. Mfasiri wa maandishi ya kompyuta hulitumia bila wasiwasi, kwa kuwa Kiingereza nacho kina neno moja kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Hoja inayotolewa hapa ni kuwa Kiswahili hakilazimiki kurithi utata huo. Mlango una kufuli, na una komeo. Kufuli hutiwa nje na mwenyewe akaenda zake, ufunguo anao. Komeo husukumwa kwa ndani na aliyemo, naye huliondoa atokapo. Tofauti hiyo ndiyo hasa inayohitajika katika kueleza mfumo wa faili wa mtandao.

2. Kufuli la mteja, komeo la kiini

Mfumo huo, ujulikanao kwa kifupi kama NFS, ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984. Huiwezesha kompyuta kutumia faili zilizomo katika seva ya mbali kana kwamba zimo ndani yake. Toleo la 3, la mwaka 1995, halikuitaka seva ikumbuke nani amefungua faili gani. Toleo la 4, lililochapishwa kwanza mwaka 2000, liliitaka ikumbuke, pamoja na sehemu ya faili ambayo mteja ameifunga asiingiliwe na mwingine. Huko kufunga ndiko kufuli. Mteja huliweka akaendelea na shughuli zake, nalo hudumu hadi aliondoe, au hadi muda wake wa dhamana uishe bila yeye kuuhuisha.

Kumbukumbu hizo huwekwa katika majedwali yaliyo ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Kazi mbili zikibadilisha jedwali moja kwa wakati mmoja, jedwali huharibika. Kwa hiyo kila kazi hujifungia, hubadilisha inachotaka, kisha hutoka. Hapa pana komeo, si kufuli. Mteja halioni.

3. Komeo moja kwa nyumba nzima

Katika kiini cha Linux, seva ya toleo la 4 ilikuwa na komeo moja kwa kumbukumbu za wateja wote. Wateja wawili waliofungua faili zisizohusiana kabisa walipangwa foleni moja. Lililozidi ni kwamba kazi iliyojifungia iliweza kusubiri diski ingali ndani. Kuongeza prosesa katika hali hiyo kulirefusha foleni tu.

Komeo hilo liliondolewa katika toleo 3.17 la Linux, mwaka 2014. Kabla yake, mwaka 2011, toleo 2.6.39 lilikuwa limeondoa masalia ya komeo kuu la kiini kizima, lililodumu tangu toleo 2.0 la mwaka 1996.

Njia iliyofuatwa inaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida. Nyumba iligawanywa vyumba: kila mteja akapata komeo lake, na kila faili lake. Muda wa kujifungia ukafupishwa, kazi isisubiri diski huku imewafungia wengine wote. Kila kumbukumbu ikawekewa hesabu ya wanaoitumia, isitupwe ingali mikononi mwa mtu.

Faida hiyo ina gharama. Kazi moja ikishika komeo la kwanza na kungoja la pili, na nyingine ikashika la pili na kungoja la kwanza, zote mbili hukwama milele. Hivyo hapana budi makomeo yashikwe kwa mpangilio mmoja na kila kazi. Komeo moja ni zito, lakini halina mkwamo wa aina hiyo. Ndiyo maana lilivumiliwa muda mrefu.

4. Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi hiyo ilihusu maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye kioo. Maneno ya ndani ya kiini yanadai uangalifu mwingine.

Mwanafunzi akiagizwa “punguza msongamano wa kufuli”, anaweza kuelewa kuwa wateja wazuiwe kufunga faili zao. Akifanya hivyo, mwandishi mmoja atafuta kazi ya mwenzake, na msongamano wa kiini utabaki palepale. Akiagizwa “punguza msongamano wa komeo”, atauliza swali lililo sahihi: komeo hili linalinda nini, na nani anangoja bila sababu? Istilahi ikianzia kwenye dhana, si kwenye neno la Kiingereza, huanza kufundisha kabla ya mwalimu kufungua kinywa.