Kiti Kimoja kwa Mabara Matatu

Nawasalimu kwa namna ya pekee ninyi mlioacha nyumba zenu upande wa Kanyabayonga na Kirumba mwaka 2024, na ninyi wa Kasugho mliofungua milango mkawapokea. Leo mazungumzo yetu ni juu ya mpira. Msizime redio. Wamama wasiopenda mpira nawaomba wavumilie kidogo, maana habari hii ni habari ya orodha: nani anaandikwa, nani anaachwa, na nani alikata idadi ya majina. Hayo wamama wanayajua kuliko wengine wote.

Turudi mwaka 1964. Chama kinachoongoza mpira wa dunia nzima, FIFA, kilikuwa kinatayarisha Kombe la Dunia la mwaka 1966 huko Uingereza. Nafasi zilikuwa 16. Uingereza, mwenye nyumba, ilikuwa na nafasi yake. Brazil, bingwa wa wakati ule, nayo ilikuwa na yake. Zile 14 zilizobaki ziligawanywa hivi: Ulaya 9, Amerika ya Kusini 3, Amerika ya Kaskazini na ya Kati pamoja na visiwa vya Karibi 1. Hesabu mwenyewe, utaona imebaki moja. Hiyo moja walipewa Afrika, Asia na Oseania, yaani Australia na visiwa vya upande ule, wote kwa pamoja. Timu ya Afrika, hata ikiisha kuwashinda Waafrika wenzake wote, ilipaswa kwenda tena kupambana na mshindi wa Asia na Oseania, na mmoja tu ndiye angepanda ndege.

Ulaya, ukihesabu na mwenye nyumba, ilikuwa na viti 10. Mabara mengine matatu, kiti kimoja. Mtu akigawa chakula, akajaza sahani yake, kisha akawawekea watu watatu kijiko kimoja, ugomvi utatokea wapi? Mara nyingi hautatokea kati yake na wale watatu. Utatokea kati ya wale watatu wenyewe, na yeye atakuja baadaye kuwapatanisha.

Waafrika waliutambua mtego huo. Ghana, wakati ule chini ya Kwame Nkrumah, ilikuwa bingwa wa Afrika tangu 1963. Ohene Djan, mkuu wa michezo wa Ghana, aliyekuwa pia mjumbe katika halmashauri ya FIFA, aliandika telegramu ya kupinga. Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia alisimama upande huo huo. Ombi lilikuwa fupi: Afrika ipewe nafasi yake yenyewe. Sikilizeni vizuri namna lilivyotamkwa. Hawakusema kwamba Waasia ni wezi, wala kwamba Asia haistahili. Waligombana na aliyeandika kanuni. FIFA ilikataa, na nchi 15 za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zikajiondoa, zote. Kongo haikuwamo kati ya hizo 15. Mwaka ule nchi yetu ilikuwa katika moto wa uasi wa Simba, na wazee wa hapa wanaukumbuka.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo linagusa Asia. Afrika ya Kusini ilitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, na Waafrika walikuwa wamekataa kucheza nayo tangu Kombe lao la kwanza la mwaka 1957. FIFA iliisimamisha mwaka 1961, ikairudisha 1963. Sasa ingewekwa kundi gani, kama majirani hawaitaki? Iliwekwa katika kundi la Asia na Oseania! Tazameni ramani mtaona kichekesho chake. Mwezi wa Oktoba 1964, katika mkutano mkuu wa FIFA mjini Tokyo, Waafrika na wenzao walipiga kura, na Afrika ya Kusini ikasimamishwa tena. Korea ya Kusini nayo ilijiondoa. Wakabaki wawili: Korea ya Kaskazini na Australia, serikali mbili zisizokuwa na uhusiano wa kibalozi. Ilibidi kutafuta uwanja wa mtu wa tatu, na Kambodia ikakubali kuwapokea wote wawili mjini Phnom Penh, mwezi wa Novemba 1965. Wanaosimulia mechi zile wanasema Mwana-mfalme Norodom Sihanouk aliagiza nusu ya watazamaji washangilie Korea na nusu washangilie Australia, ili hakuna mgeni ajione peke yake. Korea ilishinda 6–1, kisha 3–1.

Wengi walisema timu hiyo imeingia kwa mlango wa nyuma. Tarehe 19 Julai 1966 iliifunga Italia 1–0, Italia iliyokuwa imekwisha kuchukua Kombe la Dunia mara mbili. Katika robo-fainali iliongoza mbele ya Ureno 3–0, kabla ya kushindwa 5–3. Mabao manne ya Ureno yalifungwa na Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji. Basi mwana wa Afrika aling'aa katika Kombe ambalo Afrika haikuwamo, akivaa jezi ya mtawala wake.

Kwa Kombe la 1970 kanuni ilibadilika. Afrika ilipata nafasi yake moja, Asia na Oseania nafasi yao moja. Moroko ndiyo iliyokwenda.

Lakini nisiwadanganye kana kwamba kugoma hakuna bei. Wachezaji wa Ghana wa miaka ile, mabingwa wa Afrika 1963 na tena 1965, walizeeka bila kuliona Kombe la Dunia. Nchi yao ilifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Waliolipa siyo waliokula.

Na mmoja wa waliokula ni sisi. Katika mchujo wa Kombe la 1974, Zaïre ya wakati ule iliifunga Moroko 3–0 mjini Kinshasa, mwezi wa Disemba 1973. Wamoroko walilalamika kwamba mwamuzi aliwaonea. FIFA haikuwasikiliza, nao wakakataa kucheza mechi ya marudiano. Ushindi ukaandikwa kwa Zaïre, na Léopards wakaenda Ujerumani, timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika pale. (Anayetaka tuzungumze juu ya zile 9–0 za Yugoslavia, tutaonana siku nyingine.) Inawezekana malalamiko ya Moroko yalikuwa na ukweli ndani yake, sisi tuliofaidika hatuwezi kuwa waamuzi wazuri wa jambo hilo. Mimi ninachotaka mwone ni tofauti. Mwaka 1964 nchi 15 ziliungana zikapinga kanuni kabla ya mechi kuchezwa, na kanuni ikabadilika. Mwaka 1973 nchi moja ilijitoa peke yake, baada ya kushindwa, ikapoteza mechi na nafasi pamoja.

Kuna nguvu nyingine iliyosaidia: Waafrika waligomea mashindano, ila hawakutoka katika chama. Ndani ya FIFA kila nchi ina kura moja, iwe kubwa au ndogo. Mwezi wa Juni 1974 João Havelange wa Brazil alimshinda Stanley Rous wa Uingereza katika uchaguzi wa rais wa FIFA, na kura za Afrika na Asia zilikuwa na uzito mkubwa, maana aliahidi kuongeza nafasi. Mwaka 1982 nafasi zilikuwa 24, Afrika ikapata 2. Mwaka 1998 zilikuwa 32, Afrika ikapata 5. Kwa Kombe la 2026 zimepangwa 48: Afrika 9, Asia 8, pamoja na mlango mdogo ambapo mabara yanachujana tena. Ni kwa ajili ya mlango huo mdogo Léopards waliitoa Kameruni 1–0, kisha Nigeria kwa penalti, huko Rabat mwezi wa Novemba 2025. Kelele za usiku ule mnazikumbuka.

Sasa tuje Kasugho.

Tuseme, na huu ni mfano tu, shirika limeleta jetoni 100, na familia zenye shida ni 300. Asubuhi watu wanakusanyika. Waliokimbia vita wanasema: wenyeji wana mashamba, wanatafuta nini kwenye mstari wetu? Wenyeji wanasema: tuliwapa nyumba, tuligawana nao mihogo hadi ikaisha, watoto wetu wanalala sita katika chumba kimoja, na leo sisi si kitu. Wa kutoka Kanyabayonga wanamshuku wa kutoka Manguredjipa kwamba alijiandikisha mara mbili. Wote kwa pamoja wanamshuku shefu kwamba ameandika shemeji zake. Pengine kuna ukweli kidogo katika kila neno. Lakini jioni, watu wakiisha kutukanana, nani ameuliza: aliyesema 100 ni nani? Alihesabu lini, kabla ya watu wapya kufika au baada yao? Alihesabu familia, au alihesabu magunia yaliyomo katika gari?

Ninyi viongozi, wakuu wa vijiji na wa mitaa, neno hili linawahusu kwanza. Mnapopokea idadi kutoka juu, mkainyamazia, mkaanza kuchagua majina usiku, mnajitwika kosa la mwingine. Ni heri kuiambia jamaa wazi: tumepewa 100, tulihesabu 300, hii hapa hesabu yetu. Watu watanung'unika, lakini watanung'unika wakitazama upande mmoja.

Siwaambii mgomee unga. Ghana iliweza kususia kwa sababu mpira siyo chakula. Mtoto mwenye njaa hawezi kususia. Fanyeni sawa na walivyofanya Léopards huko Abidjan tarehe 7 Februari 2024, katika nusu-fainali ya Kombe la Afrika mbele ya Kodivaa. Wakati wa wimbo wa taifa walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakavielekeza kwenye kichwa kama bunduki, ili dunia ione inavyonyamazia mauaji ya kwetu mashariki. Kisha walicheza. Walifungwa 1–0, lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kutoka. Pokeeni jetoni, na wiki ileile andikeni.

Sheria ya kuandika ipo. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya serikali, akiwa peke yake au pamoja na wengine; mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika miezi mitatu; na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Kifungu hakisemi Mkongomani aliye katika kijiji chake. Aliyehama jana ana haki hiyo sawasawa na aliyezaliwa hapa. Shirika la misaada si serikali, kwa hiyo barua iandikiwe msimamizi wa teritware ya Lubero, hata kama anayekaa katika ofisi hiyo ni mwanajeshi au polisi, na nakala ipelekwe kwa shirika.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Isimtaje jirani yeyote kwa ubaya. Mambo ya mtu aliyeiba yana njia yake, msiyachanganye. Itaje hesabu: familia zilizohama ni ngapi, familia zilizopokea ni ngapi, jetoni zilikuwa ngapi, tarehe gani. Iombe hesabu ifanywe upya, mbele ya watu wawili wa kila upande, mmoja wao awe mama. Saini za waliohama na za wenyeji zichanganyike katika karatasi moja, wala zisigawanywe katika orodha mbili. Asiyejua kuandika atie kidole gumba.

Mkiipeleka, ombeni nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, maana miezi mitatu inahesabiwa toka siku ile. Muhuri wa tarehe 10 Machi unawaruhusu kurudi tarehe 10 Juni mkaulize jibu. Toeni fotokopi mbili za karatasi yenye muhuri. Moja ikae kwa familia ya hapa, nyingine ikae kwa familia iliyohama, ili vita vikiwasukuma wengine tena, karatasi isipotee pamoja nao.