Kuketi na Kuhesabu

Jumapili ya 23 ya Mwaka C



Katika Injili ya leo, sura ya 14 ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu anaugeukia umati mkubwa unaofuatana naye na kuueleza gharama ya kuwa mfuasi wake. Ili aeleweke, anatoa mfano wa mtu anayekusudia kujenga mnara. Kabla ya kuchimba msingi, mtu huyo yampasa aketi chini na kupiga hesabu, aone kama anacho cha kumfikisha mwisho. Asipofanya hivyo atakwama katikati, na watu watamcheka.

Ni kweli kwamba hapa Yesu hafundishi uhasibu. Anazungumza juu ya msalaba. Hata hivyo, mfano ameutwaa katika maisha ya kila siku, kwa maana alijua kuwa mtu asiyezoea kupima vitu vidogo alivyokabidhiwa hawezi kupima jambo kubwa kama kumfuata Yeye. Basi nasi leo tuanzie pale alipoanzia, yaani nyumbani, kwenye fedha ya matumizi ya mwaka.

Kabla ya kumnyoshea kidole mtu yeyote, tujianze sisi wenyewe tunaohubiri. Miaka iliyopita, tukiwa paroko katika parokia moja ya vijijini, tuliwahimiza waamini wa kigango fulani wajenge kanisa. Tulihubiri kwa nguvu, na watu wakatoa. Lakini hatukuketi kuulizia bei ya mbao wala ya mabati. Kuta zilipofika kwenye lenta, fedha ikaisha. Mvua zikanyesha juu ya matofali yale mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na majani yakaota ndani. Siku moja mjane aliyekuwa ameuza mbuzi wake wa pekee ili atoe mchango alitusimamisha njiani, akatuuliza kwa heshima: "Baba Paroko, yule mbuzi wangu sasa yuko wapi?" Hatukuwa na jibu. Swali lile lilituuma kuliko kicheko cha mpita njia yeyote. Tangu siku hiyo tumeelewa kwamba asiyehesabu hapotezi fedha tu. Hupoteza pia jasho la watu waliomwamini.

Wapendwa, kosa lile lile tunaliona katika nyumba zetu. Sisi wa Kagera tunalijua vizuri neno butura. Mkulima akibanwa na shida, humwuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ndogo kuliko ile atakayoipata msimuni. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, nasi makanisani tumeikemea. Lakini mzizi wake umo ndani ya nyumba. Mtu huuza maua kwa sababu msimu uliopita aliuza kahawa, akapokea fedha nyingi kwa siku moja, na hakuna aliyeketi kuuliza itafika mwezi gani.

Mwaka fulani walitujia mume na mke, watu wa sala, wazazi wa watoto watano. Mume alikuwa ameuza butura kahawa ya shamba zima ili atoe mchango mnono katika harusi ya ndugu yake, asionekane mnyonge mbele ya ukoo. Mke alilijua jambo hilo siku mnunuzi alipoingia shambani na magunia yake. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amechaguliwa kujiunga na sekondari. Tulidhani mama yule atalia kwa sababu ya shida. Alisema hivi: "Baba, njaa nimeizoea. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba mwaka mzima nimepalilia shamba la mtu mwingine, na mume wangu alikuwa ananitazama." Mume akainama. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa amezoea tu kubeba hesabu ya nyumba peke yake, moyoni, gizani.

Hapo ndipo penye kiini cha mafundisho yetu ya leo. Hesabu ya nyumba ni tendo la ukweli kati ya watu waliounganishwa na Mungu. Mume na mke walioahidiana uaminifu mbele ya altare wanawezaje kufichana bei ya kahawa? Wanaolala kitanda kimoja wanawezaje kushindwa kuketi kwenye meza moja?

Tuseme basi namna ya kuketi. Msimu wa kahawa unaelekea ukingoni, na wengine wanayo fedha mkononi. Chukueni daftari la mtoto na kalamu. Zimeni redio, hata sisi tunyamaze.

Kwanza, andikeni mapato yote, ya baba na ya mama: kahawa, maharage, ndizi zilizouzwa gulioni, kibarua, kuku. Kisha yagawanyeni kwa miezi 12. Tuchukue mfano wa nyumba iliyopata shilingi 1,200,000. Fedha hiyo ikiwa mfukoni kwa siku moja inalevya. Ikigawanywa ni shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani kama shilingi 3,300 kwa siku, kwa watu wote wa nyumba hiyo. Hapo macho hufumbuka. Baba anayetumia shilingi 1,000 kila jioni kwa rubisi ataona kwamba kwa mwaka ni shilingi 365,000, karibu theluthi ya jasho la familia yake. Hahitaji tena mahubiri yetu. Daftari limekwisha kumhubiria.

Pili, andikeni yale yasiyoweza kusubiri, kila moja na mwezi wake. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa tangu Januari 2016, lakini viatu, sare, madaftari na chakula havikufutwa, na Januari haijawahi kuchelewa kufika. Andikeni chumvi, sabuni, mafuta, dawa na pembejeo za shamba. Wekeni kando fungu la ugonjwa, hata likiwa dogo, maana homa ya mtoto usiku wa manane ndiyo inayotupeleka kwa mlanguzi wa butura, au kwenye ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Tatu, amueni pamoja juu ya michango: harusi, misiba, na zaka ya Kanisa. Tunasema wazi, ingawa sisi ni wapokeaji wa zaka: hatutaki zaka itokanayo na kahawa iliyouzwa mauani, wala sadaka inayomlaza mtoto na njaa. Toeni mlichopanga kukitoa, kwa moyo mkunjufu. Mnapoombwa kuzidisha, mwe na ujasiri wa kusema: "Tulichojaliwa ni hiki." Aibu ya kusema hivyo ni ya siku moja, aibu ya deni huamka nasi kila asubuhi.

Najua wapo watakaosema: "Baba, maskini ahesabu nini? Mungu atajalia." Ndiyo, Mungu hujalia. Lakini Yesu mwenyewe, baada ya kuwalisha maelfu kwa mikate mitano na samaki wawili, aliagiza makombo yakusanywe, visipotee vitu. Kama Mwenye uwezo wote aliokota mabaki, sisi tunaopungukiwa tutayatupaje? Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alidai wafanyakazi walipwe ujira wa haki, na pia akawahimiza waweke akiba ili wapate kumiliki chochote kidogo. Kumtetea maskini na kumfundisha kutunza alichonacho ni kazi moja. Aliye na kidogo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuhesabu, kwa kuwa hana nafasi ya kukosea.

Na wewe mjane, au mama uliyeachwa peke yako, usiseme huna wa kuketi naye. Keti na mtoto wako mkubwa. Atajifunza mapema gharama ya chumvi anayoila. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na makatekista, wasaidieni hao wasiojua kuandika, nanyi mtunze siri zao.

Tuwamalizie habari za wale mume na mke. Mwaka ule uliwawia mgumu sana. Mtoto alikwenda shule na viatu vya kuazima. Lakini jioni moja waliketi, baba akasema kila deni, hata yale ambayo mama hakuyajua. Msimu uliofuata kahawa yao iliiva mtini, wakaichuma, wakaianika na kuiuza wenyewe. Hawakutajirika. Walituletea shukrani ya mkungu mmoja wa ndizi, na mama akatuambia: "Baba, sasa shamba ni letu."

Wapendwa, mwisho wa Injili ya leo Yesu anamtaka mfuasi wake aache vyote alivyo navyo. Hatuwezi kumtolea Mungu kitu ambacho tumekwisha kukiuza kikiwa maua. Anayejua alicho nacho ndiye anayeweza kukiweka mikononi mwa Bwana akiwa huru. Wiki hii, kabla ya Jumapili ijayo, kila nyumba iketi jioni moja. Anzeni kwa ishara ya msalaba, kisha fungueni daftari.

Ee Bwana, uliyeishi Nazareti katika nyumba ya fundi, utujalie hekima ya kuketi, ukweli wa kuhesabu, na upendo wa kugawana kidogo tulicho nacho. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!