Wajibu wa Wazazi katika Kuzisemea Skuli za Serikali Zenye Mvuto: Mfano wa Feri na Kariakoo

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba, hasa wale ambao watoto wao wanasoma Dar es Salaam. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wote.)

Ndugu Watumishi wa Serikali,
Ndugu Wakaazi,

Kila siku ya masomo, mapema asubuhi, pantoni linapofika Feri likitokea Kigamboni, miongoni mwa abiria wa mwanzo kushuka huwamo watoto waliovaa sare za skuli. Hapo Kivukoni huchanganyika na wenzao wanaoteremka katika mabasi ya mwendo wa haraka, ambayo yalianza kazi mwaka 2016. Wafanyabiashara wa samaki huwa wamekwishaanza mnada wao, na si mbali na hapo ndipo zinapofunga boti za Unguja. Baadhi ya watoto hao huelekea Kisutu, wengine Upanga, na wengine Kariakoo. Si kwamba wamekosa skuli karibu na makwao. Njiani wamezipita kadhaa, nazo ni za Serikali kama hiyo wanayoiendea.

Mzazi anayekubali mtoto wake avuke maji na kugombania daladala kila siku huwa ana sababu. Mazungumzo haya yanahusu sababu hiyo, na wajibu unaomwangukia mzazi huyo baada ya mtoto kupata nafasi.

SKULI YENYE MVUTO

Skuli yenye mvuto ni skuli ya umma inayotoa jambo ambalo skuli nyingine za jirani hazilitoi, na kwa hiyo huwavuta wanafunzi kutoka nje ya mtaa wake. Nchini Marekani skuli za namna hii zilianza mwaka 1968 katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, kwa skuli ya McCarver. Shabaha yake ilikuwa kuwakutanisha watoto wa rangi mbalimbali kwa hiari ya wazazi wao, bila ya kuwalazimisha. Badala ya kuwahamisha watoto kwa amri, skuli ilifanywa nzuri kiasi cha kila mzazi kuitamani.

Tanzania haina jina moja rasmi kwa skuli hizo, lakini inazo. Zipo sekondari za vipaji maalumu kama Mzumbe, Ilboru, Kibaha na Kilakala. Katika Jiji la Dar es Salaam zipo Olympio na Diamond, skuli za msingi za Serikali zilizopo Upanga, ambazo kwa miaka mingi zimefundisha kwa lugha ya Kiingereza wakati takriban skuli zote za msingi za Serikali zikifundisha kwa Kiswahili. Wazazi wa pande zote za jiji huzitafuta.

Mfano ulio mzito zaidi, hata hivyo, ni Skuli ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, iliyopo kando ya Kariakoo. Jina lake linaeleza kazi yake. Humo husoma pamoja watoto wasiokuwa na ulemavu na watoto wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ulemavu wa akili, na hata wale ambao hawaoni na hawasikii. Mzazi wa mtoto asiyeona hapeleki mwanawe huko kwa kutafuta sifa. Anampeleka kwa kuwa katika skuli nyingi za karibu na nyumbani hakuna mwalimu anayeijua nukta nundu.

NANI HUISEMEA SKULI

Inafaa ieleweke kwamba elimu ya msingi si jambo la Muungano. Mkaazi wa Visiwani anayesomesha mtoto Dar es Salaam anaongozwa huko na Sheria ya Elimu namba 25 ya mwaka 1978, na si na Sheria ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 1982. Chini ya sheria hiyo ya Bara, skuli ya msingi ya Serikali huwa na kamati ya skuli. Wazazi wamo katika kamati hiyo, na Mwalimu Mkuu ndiye katibu wake.

Kwa muda mrefu kamati hizo zilijulikana kwa kukusanya michango tu. Mabadiliko makubwa yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada ya skuli za msingi kufutwa. Wanafunzi wa msingi Tanzania Bara waliongezeka kutoka karibu milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Kamati zilipewa kazi ya kupanga maendeleo ya skuli na kusimamia fedha za ruzuku, na skuli zikatakiwa kubandika hesabu za mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo ili kila mzazi azisome.

Hatua nyingine ilikuja na Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, ulioifanya elimu ya msingi hadi kidato cha nne kuwa bila ada kuanzia Januari 2016. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kuwatoza wanafunzi michango, na ikaelezwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke mchango wake kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Hatua hizo ziliwaondolea wazazi maskini mzigo na aibu, kwani mtoto hakutakiwa tena kurudishwa nyumbani kwa deni la dawati.

Lakini pamoja na manufaa hayo, wapo wazazi walioelewa vibaya. Walidhani kwamba kwa kuwa mfuko wao hauhitajiwi tena, basi na wao wenyewe hawahitajiwi. Hapo ndipo hasara inapoanza. Ruzuku ikigawiwa kwa hesabu ya vichwa, mtoto anayeandika kwa kalamu ya kawaida na mtoto anayeandika kwa mashine ya nukta nundu na karatasi nene huhesabiwa sawa, ilhali mahitaji yao si sawa. Jambo hilo haliwezi kuonekana katika jedwali la takwimu. Ni lazima lisemwe, liandikwe katika muhtasari wa kikao, na lipelekwe kwa Halmashauri kabla ya bajeti kupitishwa. Mwalimu akilisema peke yake, huonekana analalamikia kazi yake. Wazazi wakilisema pamoja naye, huwa ni hoja ya umma.

HATARI ILIYOPO

Nguvu ya wazazi ina hatari yake, na ni vyema ielezwe bila kificho. Katika skuli inayotafutwa na wengi, wazazi wenye elimu, vyeo na usafiri ndio huhudhuria vikao kwa wepesi. Hao ndio huzoeana na walimu na kujua mlango wa kugonga. Wasipojihadhari, vikao hugeuka kuwa vya kuwatetea watoto wao tu: masomo ya ziada ya kulipia, safari za gharama, na kiwango cha michango ambacho mwenzao hakiwezi. Skuli hubaki ya Serikali kwa jina, lakini asiyekuwa na uwezo huondoka taratibu bila ya kufukuzwa na mtu.

Mfikirieni mama anayeuza samaki Feri. Riziki yake hupatikana asubuhi, wakati wa mnada. Kikao cha wazazi kikiitishwa saa tatu asubuhi siku ya Jumanne, mama huyo amekwishanyimwa sauti hata kabla kikao hakijafunguliwa. Mfikirieni pia mzazi aliyeko Wete au Makunduchi, ambaye mtoto wake analelewa na shangazi yake Gerezani. Barua ya skuli humfikia shangazi, naye hujiona hana haki ya kusema kwa kuwa si yeye aliyezaa. Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo ni ya kweli, ila kamati iliyo bora huuliza kwanza kwa nini mtu hakuwapo.

Skuli yenye mvuto iliruhusiwa kuwa tofauti na nyingine ili iwakutanishe watoto wa hali mbalimbali. Ikiwakusanya wa hali moja tu, haina tena sababu ya kupewa upendeleo wowote kutoka katika fedha za umma.

FUNZO KWA VISIWANI

Wakaazi wa Unguja na Pemba si wageni katika jambo hili. Tangu elimu bila malipo ilipotangazwa tarehe 23 Septemba 1964, wananchi hawakukaa wakisubiri Serikali ifanye kila kitu. Vijiji vingi vimejenga madarasa kwa nguvu zao hadi kufikia usawa wa kuezekwa, kisha Serikali ikamalizia. Kila mtu alijua zamu yake ya kubeba mchanga na kufyatua matofali.

Hata hivyo, kujenga ukuta ni kazi inayoonekana, na ikimalizika huonekana kuwa imemalizika. Kuisemea skuli ni kazi ya kila mwaka. Skuli kama Lumumba ya Unguja na Fidel Castro ya Pemba, ambazo zimepokea wanafunzi kutoka wilaya mbalimbali, zinahitaji wazazi watakaoulizia maabara, maktaba na walimu wa sayansi kwa bidii ile ile iliyotumika katika kubeba matofali.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kwa hiyo basi, wazazi na walezi wanashauriwa mambo yafuatayo:

1. Mzazi anayemwacha mtoto kwa ndugu Dar es Salaam aiandikie skuli barua ya kumtambulisha mlezi huyo, ili aitwe vikaoni na asikilizwe kama mzazi.

2. Kamati ziulize wazazi ni wakati gani wanaweza kukutana. Kikao cha Jumamosi alasiri chenye watu mia moja kina faida kuliko cha asubuhi chenye watu kumi.

3. Kila mzazi asome hesabu za skuli, na asipoziona zimebandikwa aziulize kwa adabu kikaoni. Kuuliza si kumtuhumu Mwalimu Mkuu. Humlinda dhidi ya maneno ya mitaani.

4. Ombi la skuli kwa Halmashauri liwe la maandishi, litaje idadi ya watoto wanaohusika na kifaa kinachohitajiwa, na lipelekwe mapema kabla ya bajeti kupangwa.

5. Kabla ya kupitisha mchango wowote wa hiari, kamati ijiulize kama mzazi mwenye kipato cha chini kuliko wote ataweza kuendelea kumsomesha mwanawe hapo bila ya kuona haya.

6. Wazazi wazungumze kwa pamoja juu ya safari za watoto. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na kwa sababu hiyo baadhi ya makondakta huwaacha vituoni. Mtoto mmoja hawezi kushindana na kondakta, lakini kamati ya skuli inaweza kulipeleka suala hilo kwa wahusika.

Ndugu Watumishi na Ndugu Wakaazi,

Mkono mmoja haulei mwana. Watoto wanaoshuka Feri kila asubuhi hurudi jioni kwa pantoni lile lile, na miongoni mwao wapo ambao mzazi wao hajawahi kuingia katika lango la skuli. Mtumishi wa Serikali anayejua namna ya kuandika barua na kusoma hesabu ana deni kwa watoto hao pia, hata kama hakuzaa hata mmoja wao. Akiingia kikaoni, pamoja na kuuliza la mtoto wake, aulize na la yule ambaye mama yake bado yuko mnadani.

Wazazi na walezi wote wanaombwa kuhudhuria vikao vya skuli za watoto wao kila vinapoitishwa.