Baridi Haiui Wadudu wa Nyama



Leo tutasema habari ya nyama na samaki. Katika mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Katanga ni wa baridi sana. Kwa hiyo watu wengine wanasema: «Nyama hii ililala katika baridi, wadudu wamekufa.» Sivyo. Neno hili linaweza kuua mtoto.

Katika nyama mbichi wanakaa wadudu wadogo ambao macho hayawaoni. Wanaitwa mikrobi. Wakipata joto la kuwapendeza, mmoja anaweza kujigawa kuwa wawili kwa dakika 20. Hesabuni: kwa saa 7 tu, huyu mmoja anapita 2.000.000.

Baridi inawafanya nini? Inawalaza. Mumeona nyoka asubuhi ya baridi: amejikunja, hatembei, ni kama amekufa. Jua likipanda, anaamka na kuuma. Mikrobi ni vile vile. Katika frigo, kwa digrii 4, wanazaa polepole. Katika baridi ya digrii 18 chini ya ziro hawazai tena. Wengine wanakufa, lakini wengi wanangoja. Nyama ikiyeyuka, wanaanza tena kazi yao.

Zamani samaki wa Kasenga walipelekwa mjini Lubumbashi ndani ya barafu. Barafu ilikawiza kuoza, haikuwasafisha samaki. Na barafu ya maji machafu yenyewe inaleta ugonjwa.

Basi, fanyeni hivi:

1. Nyama ya barafu mukiinunua mjini, muifikishe upesi, muipike siku ile ile. Ikiyeyuka njiani, musiigandishe tena.

2. Pikeni mpaka moto uingie katikati, damu isionekane tena.

3. Chakula cha jana kichemke vizuri mbele ya kuliwa.

4. Chakula kilichoshinda katika joto, mukitupe. Mikrobi wengine wanaacha sumu ambayo moto hauiondoi.

5. Kama hamuna frigo, mukaushe samaki kwa chumvi, jua na moshi mpaka wakauke kabisa. Mikrobi hawazai pasipo maji.

Mama, usitazame baridi ya usiku, tazama chungu chako: kinachemka? Baridi inamlaza adui. Moto ndio unaomuua.